Tupeane uzoefu: gemu limekujenga nini? (Wana Mtwara na Lindi karibuni)

Fundi_Chikongola (Mtwara Mjini)

Wakuu, habari za muda huu. Uzi huu ni wetu sisi tuliokulia kwenye mabanda ya gemu huku Kusini. Swali langu ni moja: ulichokipata kule kimekusaidia wapi? Naomba tuseme tuliyoyaona wenyewe. Ukiniambia "gemu linapanua akili" hujaniambia kitu. Niambie ulijifunza nini na ulikuja kukitumia kwenye kazi gani.

Naanza mimi. Ni fundi simu, na ufundi wangu haukuanzia chuo. Ulianzia kwenye banda la PS2 (mashine ya gemu ya PlayStation 2) mtaani, nikiwa dogo wa kulinda zamu na kukusanya mia mbili mbili. Pedi zilikuwa zinakufa kila mara na mwenye banda hakuwa na hela ya kununua mpya kila zikifa. Akanifundisha jambo ambalo mpaka leo ndilo linaniweka mjini: usifungue kitu kabla hujajua ugonjwa uko wapi. Mtu akilalamika kitufe cha kupasia hakishiki, hamisha pedi kwenye tundu la pili. Shida ikihama na pedi, ugonjwa uko kwenye pedi. Ikibaki palepale, mashine ndiyo inaumwa.

Ukiifungua ile pedi unakuta karatasi laini ya plastiki yenye mistari myeusi, ndiyo inayopeleka taarifa za vitufe. Chini yake kuna kisponji kinachoikandamiza ishikane na bodi. Kikilegea, leo kitufe kinashika, kesho hakishiki. Tulikuwa tunakata kipande kingine cha sponji, tunakipachika, tunarudisha skrubu, mechi inaendelea.

Leo mteja akija na simu haichaji, nabadilisha waya kwanza, halafu kichwa cha chaja, halafu nasafisha tundu. Simu yenyewe naifungua mwisho kabisa. Kuna watu wanakimbilia kufungua na kumuuzia mama wa watu betri ambayo hakuihitaji, na hilo linaniuma sana.

Karibuni. Na akina dada msikae kimya, najua mlikuwepo.

Jezi_za_Ruangwa

Mkuu umenigusa. Mimi PS2 haikunikuta, kijijini kwetu umeme ulichelewa kufika. Mimi ni kizazi cha PPSSPP, ile programu inayoifanya simu icheze magemu ya PSP, yaani PlayStation ndogo ya mkononi. Wanaojua wanajua: unashusha faili usiku kwa bando la usiku, unalifungua kwa ZArchiver, programu ya kufungua mafaili yaliyobanwa, halafu vile vifaili vya kubadili timu unavipeleka kwenye folda ya PSP, ndani yake SAVEDATA. Ukiviweka folda ya jirani, gemu linafunguka vizuri tu lakini timu zinabaki zilezile za Ulaya. Hakuna ujumbe wa kukuambia umekosea wapi. Unarudi mwanzo, unasoma njia ya folda herufi kwa herufi. Kwa mtoto wa kidato cha pili ambaye hakuwahi kushika kompyuta, hilo lilikuwa darasa zima.

Sasa Namungo wakapanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20. Ruangwa nzima inaongea mpira, na kwenye simu zetu Namungo hayupo! Ndipo nikaanza kutengeneza jezi mwenyewe. Jezi ndani ya gemu ni picha bapa: mbele, mgongo na mikono imetandazwa kama kitambaa kilichokatwa kabla ya kushonwa. Rangi ikikosea kidogo ukingoni, ukiingia uwanjani unaona mstari mweupe ubavuni mwa mchezaji. Nilikuwa nafanyia PixelLab, programu ya kuhariri picha, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, napanua picha mpaka naona vile vidoa vya rangi kimoja kimoja, narekebisha, narudi uwanjani kuangalia. Mstari bado upo. Narudi tena.

Baadaye timu ya mtaani ikaniomba niwachoree jezi za kweli. Nilishajua nembo ikae wapi na namba iweje ili isomeke kwa mbali. Sasa nina duka la kuchapa fulana na mabango, na msimu wa korosho ndio wa kuvuna, maana harusi na sherehe za unyago zinafuatana. Mashine ya kuchapa nilifundishwa na mtu. Ule uvumilivu wa kurudia kitu mpaka mstari upotee, huo nilikuja nao.

Binti_wa_Newala

Shikamooni wakubwa zangu.

Kwenye banda letu sheria ilikuwa mshindi anabaki. Ukifungwa unaachia pedi, unarudi nyuma ya foleni. Mimi nilikuwa msichana pekee, nilikuwa namfuata kaka yangu. Wavulana wakifungwa na mimi walisema pedi mbovu, jua linapiga kwenye kioo, yaani kila kitu kilikuwa kibaya isipokuwa uchezaji wao. Na mimi nikifungwa, banda zima linapiga kelele mpaka nje. Kaka akaniambia: "Ukishinda kaa, usiseme neno. Ukifungwa toa pedi, usiseme neno." Ilinichukua muda kuizoea, kuna siku nilitoka machozi yananilenga.

Leo nafanya kazi za hesabu kwenye chama cha msingi. Siku ya mnada wa korosho wakulima wamejaa, bei inasomwa, wao ndio wanaokubali au kukataa, na wakikataa wanakataa kwa sauti. Halafu anakuja mzee mmoja amekasirika, anasema kilo zake zimepungua, ananyoosha kidole usoni pangu mbele ya watu. Sitetemeki wala simjibu kwa ukali. Nachukua stakabadhi yake, nafungua daftari, tunasoma wote mstari wake. Mara nyingi tofauti inaonekana hapohapo, na ikiwa kosa ni letu nasema ni letu. Wenzangu huniuliza nimepata wapi kifua. Nimekipata kwenye benchi la banda la gemu, nikiwa na miaka kumi na tatu.

Boda_Mikindani

Mimi gemu la magari limenipa wepesi wa macho barabarani. Mbuzi akikatiza namwona mapema.

Mwanafunzi_wa_Tiba (Mtwara)

@Boda_Mikindani kaka, hilo la macho lina msingi, ila nenda nalo taratibu. Mwaka 2003 watafiti wawili, Green na Bavelier, walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba waliozoea magemu ya mapigano ya kasi waliwazidi wengine kwenye kugawa umakini wa macho. Tena waliwachukua wasiocheza, wakawafanyisha mazoezi, nao wakapanda.

Kwenye fani yangu kuna utafiti wa 2007 huko Marekani, wa madaktari wa upasuaji 33. Waliowahi kucheza zaidi ya saa 3 kwa wiki walifanya makosa pungufu kwa asilimia 37 kwenye mazoezi ya upasuaji wa kamera, ule wa kutoboa matundu madogo tumboni, na walimaliza haraka zaidi kwa asilimia 27. Unaona mantiki yake: unatazama kioo huku mikono ikifanya kazi mahali usipopaona. Ndiyo pedi na televisheni hiyo. Lakini utafiti huo hauthibitishi kwamba gemu ndilo lililowafanya wawe hodari. Huenda wenye mikono myepesi ndio wanaopenda gemu tangu mwanzo. Na barabarani, mbuzi wa kwenye gemu ukimgonga unaanza upya. Vaa helmeti, kaka.

Kaka_Mkubwa_Lindi

Nimesoma wote, nawaheshimu. Sasa na mimi niseme, maana uzi usiwe wa kusifu tu.

Mdogo wangu alikuwa anaongoza darasa. Kwenye banda alilokuwa anacheza kukaanza kuwekeana hela: kila mmoja anaweka elfu, mshindi anabeba. Hapo mchezo ukawa kitu kingine. Akawa anatoka nyumbani na sare, shuleni hafiki. Mama akauza kuku kulipa deni la mtoto wa kidato cha tatu. Tulipomzuia alikuwa halali, anafoka, hali chakula. Shirika la Afya Duniani lilipitisha tatizo hili mwaka 2019 kwenye orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Wanatazama mtu aliyeshindwa kujizuia, gemu limetangulia mambo yake yote, na anaendelea hata akiona madhara, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12. Kusoma maelezo yale ilikuwa kama wameandika nyumbani kwetu.

Sasa hivi yuko sawa, anauza samaki, ana familia. Lakini kidato cha nne hakumaliza. Msinikasirikie nikisema ukweli huu.

Fundi_Chikongola

@Kaka_Mkubwa_Lindi hakuna wa kukukasirikia, pole sana kwenu, na pole kwa mama. Umesema jambo ambalo sisi wa mabandani tunalijua na hatulisemi. Banda nililokulia, mwenyewe alikuwa hapokei mtoto mwenye sare kabla ya saa kumi, na akiona hela inawekwa mezani anazima mashine. Alipoteza wateja kwa hilo. Ningekulia banda la mtaa wa pili, ambako hakuna aliyekuwa anazima mashine, sidhani kama leo ningekuwa naandika hapa habari za sponji na pedi. Naomba wanaofuata watuambie pia nani alikuwa anawaangalia.

Kocha_Tandahimba

Nani mwingine alianza Master League, ile ya kuongoza timu kwenye gemu la mpira la PES, na wachezaji kina Castolo na Minanda? Unapewa wachezaji wazito, hela hakuna, unafungwa mfululizo. Nilijifunza kuwatumia nilionao na kupandisha vijana polepole. Sasa nafundisha vijana chini ya miaka 17 na ndivyo ninavyofanya. Aliyekuwa ananiangalia ni shangazi, mwenye televisheni. Taarifa ya habari ikianza, pedi chini.

MamaWawili_Nachingwea

Wanangu, nimewasoma kwa makini. Mimi ni mzazi. Kijana wangu yuko darasa la sita, anacheza kwenye simu yangu jioni, yale ya kupigana mtandaoni. Sitaki kumnyang'anya, lakini sitaki yanikute ya kaka wa Lindi. Nifanyeje?

Jezi_za_Ruangwa

Mama, shikamoo. Kwanza namba ya siri ya pesa ya simu asiijue kabisa, maana magemu yale yanauza vitu ndani kwa ndani na mtoto hajui kuwa almasi ya kwenye kioo ni hela ya unga. Pili, yale ya mtandaoni anaweza kuongea na watu wazima usiowajua. Ingia kwenye mipangilio uzime sauti na ujumbe, ukishindwa mpelekee fundi hata jioni moja. Achezee sebuleni mlipo, chumbani hapana. Na umwombe akufundishe gemu moja. Akikueleza anafanya nini na kwa nini, utajua mwenyewe kama kuna kitu anajifunza. Akishindwa kueleza, mletee PPSSPP, umwambie aiweke Namungo mwenyewe. Vifaili nitakutumia mimi bure.