Naomba ushauri: darasani haimbi, nyumbani anaimba

Habari zenu wapendwa, naombeni mawazo. Binti yangu ana miaka 2 na miezi 3, Jumamosi nampeleka darasa la muziki la watoto huku Tabata, wanapiga makofi, kayamba, vingoma vidogo, kuna na wimbo wa kusalimiana wanataja jina la kila mtoto. Sasa akifika pale ni kung'ang'ania gauni langu tu, haimbi, kayamba hata hagusi. Ila jioni nikimuogesha anaanza mwenyewe, anapigapiga maji kwenye beseni kwa mapigo yaleyale na kumalizia neno la mwisho la kila mstari, yani mpaka majina ya wenzake anayataja! Baba yake anasema tunachoma hela bure, mi naona kuna kitu kinaingia.

Nyumbani ratiba ilikuwa ileile kila siku, kuoga, uji, wimbo, saa mbili taa inazimwa, analala bila vita. Tatizo dada wa kazi aliyemzoea kaondoka, huyu mpya nyimbo zake hazijui, anamuwashia katuni kwenye simu muda wote na WHO tangu 2019 wanasema umri huu isizidi saa 1 kwa siku. Usingizi umevurugika kabisa. Nimejaribu kumrekodia nyimbo kwa sauti yangu, anaishia kuililia simu.

Naomba kujua, niendelee na darasa au nimpumzishe kwanza mpaka amzoee dada mpya? Na wimbo wa kulala, dada nimfundishe uleule wa zamani au aanze na wake? Walimu wa chekechea mliomo humu nisaidieni jamani.