Watoto wa mbwa wana kupe na ndani kuna paka wawili: dawa ya kuogeshea ng'ombe inafaa?

Mkazi wa Urambo
Mwangaluka wakuu. Niko Urambo, eneo heka tatu, nyumba ya udongo, kuku wa kienyeji na ng'ombe wachache. Nimepata watoto wanne wa mbwa, wiki sita, kila mmoja kama kilo mbili. Paka ni wawili, ndio walinzi wa ghala la mahindi. Watoto wa mbwa wamejaa kupe masikioni na katikati ya vidole. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ninayo, niweke kiasi gani kwenye ndoo ya lita 20? Pia minyoo na chanjo nianze na ipi? Na paka mmoja hashuki darini tangu wageni wafike.

Mifugo Sikonge
Mkuu, usiweke hata tone. Geuza chupa usome maandishi madogo. Ukiona jina la dawa linaishia na "methrin", hiyo kwa paka ni sumu kali, maana ini lake haliwezi kuivunja kama la mbwa au ng'ombe. Wala si lazima umpake paka mwenyewe. Akilala na mbwa aliyepakwa, kisha akajilamba manyoya, imeshaingia. Ukiona "amitraz", hiyo nayo si ya paka wala ya mtoto wa mbwa wa umri huo.

Kwa watoto wanne, kazi ya mkono inatosha kuanzia. Tumia kibano, mshike kupe karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha, mtumbukize kwenye kopo la maji ya sabuni. Usimponde kwa kucha na usimpake mafuta ya taa akiwa bado ameng'ata. Pitia ndani ya sikio, chini ya shingo, kwapani na kila upenyo wa vidole, asubuhi na jioni. Ukitaka dawa, duka la mifugo uliza fipronili ya kupulizia iliyoandikwa kuwa ni ya mbwa na paka, na usome umri wa chini kwenye chupa.

Kisha angalia ukuta. Kupe wa mbwa si kama wa ng'ombe anayengoja malishoni. Huyu akishiba hushuka, hupanda ukutani na kutaga mayai maelfu kwenye nyufa za udongo. Ndiyo maana mtu anaogesha mbwa kila wiki na kupe hawaishi. Ziba nyufa za banda kwa udongo mpya uliochanganywa na samadi, choma matandiko ya zamani, na rudia kukagua kila mwezi.

Funua midomo uone fizi. Zikiwa nyeupe kama karatasi badala ya waridi, damu imeshapungua. Huyo apelekwe kwa afisa mifugo leo hii, asingoje zamu ya dawa ya minyoo.

Mkazi wa Urambo
Asante mkuu, lakini kijana wa ng'ombe ameshawapaka wawili jana jioni. Nimesoma chupa, ni hiyo hiyo ya "methrin". Paka jike amelala nao usiku.

Mifugo Sikonge
Acha yote, anza sasa. Mfungie paka chumba cha peke yake. Muogeshe kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji ya uvuguvugu, mara mbili, mpaka manyoya yasiteleze. Maji yasiwe ya moto, yanafungua ngozi dawa iingie zaidi. Yasiwe ya baridi pia, mwili ukipoa sumu hiyo inazidi nguvu. Mkaushe kwa taulo na umfunike, asijilambe akiwa bado na maji. Usimpe maziwa wala mafuta.

Dalili hutokea ndani ya saa chache, nyingine huchelewa hadi siku tatu: masikio kuchezacheza, mate kutoka, kushtuka akiguswa, kutetemeka, mwisho degedege. Ukiona masikio tu yameanza, mpigie daktari wa mifugo na umtajie jina la dawa, aje na dawa ya kutuliza misuli. Na wale wawili waoshe vivyo hivyo, la sivyo paka akitoka anakutana nayo tena.

Kasulu Mvua Nyingi
Poleni sana. Wakati paka anaangaliwa, nijibu hayo mengine.

Minyoo: watoto wa mbwa huzaliwa nayo tayari, na ya safura huipata kwenye maziwa ya mama. Dozi ni wiki ya 2, 4, 6 na 8, halafu kila mwezi hadi miezi sita. Kwa pirantel ni miligramu 5 hadi 10 kwa kila kilo, kwa hiyo mtoto wa kilo mbili anapata 10 hadi 20. Usikadirie kwa macho, mweke kwenye ndoo, ning'iniza kwenye mizani, toa uzito wa ndoo. Kinyesi kizikwe, minyoo hiyo huingia hata kwa watoto wanaotembea peku.

Chanjo ya magonjwa ya mbwa, ikiwamo ya pavo (ule wa kuhara damu), huanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi wiki ya 16. Kichaa cha mbwa miezi mitatu, kisha baada ya mwaka. Paka nao wachanjwe kichaa. Chanjo hukaa nyuzi 2 hadi 8. Iliyosafiri mfukoni mwa bodaboda juani ni maji tu, dai uione ikitoka kwenye chombo chenye barafu.

Chakula: ugali laini na dagaa wa Kigoma waliosagwa, mara nne kwa siku. Mahindi yenye ukungu usiwape, yanaua ini. Paka hawezi kuishi kwa ugali, lazima apate dagaa au nyama kila siku, la sivyo macho na moyo huharibika. Sumu ya panya itoke ghalani kabisa, maana paka hula panya aliyekula sumu. Na bani, lile banda la kukaushia tumbaku, lifungwe, majani yakitafunwa na mtoto wa mbwa yanamtapisha na kumtoa mate.

Banda liinuliwe juu ya ardhi, na pande zote umwage majivu, uyarudie kila baada ya mvua. Siafu wakiingia usiku, watoto wa wiki sita hawana pa kukimbilia.

Yule wa darini usimshushe kwa mikono. Mwekee chakula huko huko juu, na kitambaa walicholalia watoto wa mbwa (ambao hawakupakwa dawa) kiwekwe karibu na sahani yake. Wiki hadi mbili atakuwa anashuka mwenyewe. Siku ya kwanza akishuka, watoto wawe wamefungwa kamba fupi na wameshiba.

Mkazi wa Urambo
Paka ameshaoshwa, masikio bado yametulia. Wawili wa mbwa wanaoshwa sasa hivi. Chupa nimeipeleka zizini, juu ya boriti.

Mifugo Sikonge
Vizuri. Mkague kila saa mpaka kesho kutwa jioni, na usiku huu usimwache alale na mtu yeyote wa nyumba hiyo mwenye miguu minne.