Kichwa kisichoisha: kuchuliwa ni tiba au kutuliza tu?

Mwenye Swali: Kichwa kinanibana kama nimefungwa kamba, kuanzia kisogoni mpaka kwenye paji, miezi sasa. Mama mkwe anasema nikachuliwe shingo na mabega kwa mafuta. Vidonge nimemeza mpaka nimechoka. Kuna aliyepona kwa kuchuliwa?

Nahodha: Nenda. Shingo ikikaza kichwa kitauma tu. Shangazi yangu ni mkandaji: anaanza mabegani kwa kiganja, akifika chini ya fuvu anaweka vidole gumba viwili na kukandamiza palepale bila kusugua, mpaka fundo lilegee. Mtu anasinzia. Hospitali utaongezewa vidonge tu.

Kisima: Anasinzia, haya. Wiki ijayo je? Kutuliza si kutibu. Tena kichwa cha kila siku, hasa kwa akina mama, mara nyingi ni mawazo tu.

Mama Wawili: Kisima, hilo la "mawazo tu" lifute. Nina kipandauso tangu usichana. Upande mmoja unagonga, mwanga siutaki, natapika. Wanawake kinatupata karibu mara tatu kuliko wanaume, na homoni zina mkono wake. Mawazo gani hayo ya kumtapisha mtu?

Kisima: Nimesema mara nyingi, sikusema wote. Soma kwanza.

Mama Wawili: Nimesoma. "Hasa kwa akina mama" umeandika mwenyewe.

Nahodha: Dada, achana naye. Hata hicho kipandauso kikichuliwa kinaondoka.

Mama Wawili: Na wewe usinisemee. Kikinishika sitaki hata kuguswa nywele. Siku za nafuu nachuliwa mabega na nashukuru sana. Ila yule aliyetaka kunipindua shingo mpaka ilie, niliinuka nikaondoka.

Mpita Njia: Ulifanya vema. Kupindua shingo kwa nguvu kunaweza kuchana ukuta wa mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo, mtu akapata kiharusi. Ni nadra, lakini ipo. Kuchua misuli taratibu ni jambo jingine, na kichwa cha kubana huwa kinapata nafuu. Mwenye Swali, hivyo vidonge unameza mara ngapi? Parasetamoli siku 15 au zaidi kwa mwezi, ikipita miezi 3, yenyewe inaleta kichwa. Dawa za maumivu za mchanganyiko, yaani kidonge kimoja chenye dawa zaidi ya moja ndani, hata siku 10.

Nahodha: Si nilisema! Vidonge ndivyo vinavyoua watu.

Mpita Njia: Hukusema hivyo, kaka, na mimi sijasema vinaua. Kichwa kinachopasuka ghafla, au chenye homa na shingo ngumu, au mkono kulegea, hicho ni cha hospitali saa hiyohiyo. Mkandaji asikiguse.

Mwenye Swali: Nameza karibu kila asubuhi. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Mpita Njia: Basi mweleze daktari hilo kabla ya yote. Mabega uchuliwe, hayagombani.

Kisima: Bado sijaonyeshwa aliyepona moja kwa moja.

Mama Wawili: Na mimi bado nasubiri ufute ulichoandika.