Kitabu cha mapishi ya Kiitaliano "kilichojaribiwa kwa jiko la Kenya": nani alikijaribu, na wapi?

Wakuu, nimevumilia wiki tano. Leo naandika.

Nilinunua kitabu cha mapishi ya Kiitaliano katika duka moja la vitabu hapa Nakuru mjini. Shilingi 3,200. Jalada gumu, picha za kumeza mate, na juu kwa herufi za dhahabu: toleo la Afrika Mashariki, mapishi yote yamejaribiwa kwa viungo na majiko ya Kenya. Maneno hayo ndiyo yaliyonitoa pesa. Vitabu vya kawaida vya Kiitaliano vipo vya mitumba kwa shilingi mia tatu, nikavipita. Nilitaka mtu aliyeshika waru (viazi) ninayoshika mimi na kupikia gesi ninayopikia mimi, kisha anieleze alichokiona. Kazi hiyo ndiyo niliyoilipia, na kazi hiyo haikufanywa.

Nianze na gnocchi, ukurasa wa 61, kwa sababu ndiyo iliyonichoma zaidi. Ni tonge ndogo za viazi, hupikwa kwa maji kisha zinapakwa siagi au mchuzi wa nyanya. Mama mkwe alikuwa anakuja Jumapili kutoka Bahati, na yeye kwenye waru humwambii kitu. Nikasema leo ni leo.

Kitabu kinaelekeza hivi: chukua kilo moja ya viazi vyovyote, menya, kata vipande, chemsha, ponda, tia yai moja na gramu 250 za unga.

Viazi vyovyote! Mtu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya gunia la waru katika soko la Nakuru hawezi kuandika maneno hayo. Waru ina majina. Kuna Shangi, iliyojaa kila mahali, inaiva upesi na mukimo wake ni mtamu, lakini haikai: inachipua mapema, kwa hiyo mkulima wa Molo au Kuresoi huing'oa na kuiuza haraka, mara nyingi ikiwa bado na maji mengi. Kuna Dutch Robijn, ganda jekundu, ndani kavu, ile inayotafutwa na watengenezaji wa krispi kule Bomet. Hizi mbili ukizitia sufuria moja utadhani si zao moja. Halafu anakuambia ukate vipande kabla ya kuchemsha, yaani uvifungulie mlango vinywe maji mengine juu ya yale viliyokuja nayo.

Nilitumia Shangi, kwa kuwa ndiyo "yoyote" ya hapa. Unga niliupima kwa mizani. Nilipoanza kukanda, donge likanishika vidoleni kama gundi ya fundi viatu. Kitabu kinasema ikinata, ongeza unga mpaka iache kunata. Nikaongeza gramu 50. Ikanata. Nyingine 50. Ikanata. Nilipofika gramu 600 nikaacha kuhesabu, maana ile haikuwa tena waru, ilikuwa chapati mbaya. Kuzitia kwenye maji, nusu zikayeyuka, maji yakawa meupe kama uji wa mgonjwa. Nusu zikaelea, nikaopoa moja nikaiuma: ngumu, inasukuma meno kama mpira. Mama mkwe alikula vijiko vitatu, akaweka uma kando taratibu, akaniambia, "Mwanangu, si neno, tuwekee chai." Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma mpaka nikaingia jikoni nikalia.

Jumatatu nikaenda sokoni kwa yule mama ninayenunua kwake siku zote. Nikamwambia, "Mama, nitafutie waru ya kuponda, isiyonata." Hata hakufikiri. "Si hizi, hizi zimeng'olewa juzi. Chukua Robijn, na ile iliyokaa kidogo. Uichemshe na ganda lake, umenye ikiwa moto." Sentensi tatu, bure, mkono mmoja unafunga mfuko wa karoti. Nikafanya hivyo. Nilichemsha nzima nzima, nikamenya huku zikiniunguza, nikaziponda na kuzitandaza kwenye sinia mpaka mvuke ukaisha. Yai moja, unga gramu 220. Donge likakusanyika lenyewe. Zikatoka laini, zimeshikana, watoto wakagombania za chini ya bakuli.

Kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia sijui kupika. Mkono ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba mara ya pili nilielekezwa na mtu anayeijua waru.

Sasa maji. Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100. Kila anayepika githeri hapa analijua jambo hili hata kama hajawahi kushika kipimajoto, kwa sababu dada yake aliyeolewa Mombasa anaepua maharagwe yake mapema kuliko yeye. Kitabu kina kurasa 240 na hakina sentensi moja kuhusu mwinuko. Ukurasa wa 34 kinasema penne, zile tambi fupi za mrija, dakika 9, na chini yake kinakukaripia usizidishe hata moja. Nilitoa kwa dakika 9. Ukikata katikati unakuta kiini cheupe cha unga ambao haujaiva. Kwangu zinataka 11, mara nyingine 12. Sasa mtu wa Molo, aliye juu zaidi yangu, atakula nini? Na wa Kisumu, aliye kwenye mita 1,130 hivi, maji yake ni mengine tena. "Majiko ya Kenya" ni yapi hayo?

Kwenye ukurasa huohuo wa 34 kuna orecchiette, tambi za umbo la sikio, ambazo huko kusini mwa Italia hukandwa kwa maji tu bila yai. Zinawezekana bila yai kwa sababu unga wake ni wa ngano ngumu, durum. Waitaliano hawana mzaha na ngano hiyo: tangu 1967 sheria yao inataka tambi kavu zitengenezwe kwayo. Unga wetu wa pakiti ni wa ngano ya mkate, jamii ileile inayolimwa hapo Njoro. Ni unga mzuri sana, kwa chapati hauna mpinzani, lakini ukiukanda kwa maji tu na kuuchemsha unalegea. Kitabu kinasema tumia unga wa chapati na maji, basi. Kumbe Waitaliano haohao, ukienda upande wa Emilia, wanakanda unga wa ngano laini kwa mayai, yai moja kwa gramu 100. Njia hiyo inafaa unga wetu kabisa, ila mayai ya kienyeji ni madogo, unaongeza kiini kimoja cha ziada. Jibu lilikuwepo Italia kwenyewe! Aliyeandika toleo hili hakujua, au hakujali kutafuta.

Risotto, wali wa Kiitaliano wenye mchuzi mzito, ukurasa wa 88. Tumia pishori ya Mwea, uioshe mara tatu. Pishori ni mchele wa heshima, punje ndefu, inanukia nyumba nzima, na sifa yake ni kuachana punje kwa punje. Risotto inataka kinyume chake: punje fupi nene inayotoa wanga polepole mpaka mchuzi uwe mzito. Ukiiosha mara tatu umeumwaga huo wanga kwenye sinki. Nilipata pilau iliyolowa. Baadaye jirani aliniletea mchele wa Ahero kutoka kwao Kisumu, wa punje nene, ule ambao watu wanaudharau kwa sababu hauna harufu. Nilipika bila kuosha, nikichota supu ya kuku kidogo kidogo. Haikuwa kama ya hotelini, lakini ilikuwa risotto. Mchele wa Ahero hautajwi popote katika kitabu kinachojiita cha Afrika Mashariki.

Tiramisu, kitindamlo cha biskuti, kahawa na jibini laini liitwalo mascarpone, ukurasa wa 112: badala ya mascarpone, tumia maziwa mala. Nilisoma mara mbili nikidhani macho yamenidanganya. Mala ni ya kunywa. Ilitiririka, ikaloweka biskuti mpaka zikawa tope, nikamwaga bakuli zima na kahawa yangu nzuri ndani yake. Binamu yangu amepika miaka mingi katika hoteli za Malindi, ambako Waitaliano ni wengi, nikampigia simu. Akasema mascarpone ni krimu tu iliyopashwa mpaka karibu nyuzi 85, ikatiwa ndimu, ikachujwa kwa kitambaa safi usiku kucha ndani ya friji. Krimu ipo. Ndimu ipo. Kitambaa kipo. Kwa nini niambiwe mala?

Ragù, mchuzi wa nyama wa tambi, nitaipita haraka kwa sababu hasira zinapanda. Dakika 25 na tomato sosi ya chupa. Akademia ya Mapishi ya Italia iliweka pishi la ragù ya Bologna rasmi mwaka 1982 pale mjini Bologna, na lina divai, lina maziwa, linakaa motoni kwa saa kadhaa. Nyama yetu ya ng'ombe aliyetembea malishoni ndiyo inayohitaji hizo saa zaidi.

Na hicho hicho kitabu kinachotaka viazi vyovyote, kikifika kwenye polenta kinakutuma supamaketi ukatafute pakiti ya kutoka nje. Polenta ni unga wa mahindi ya njano uliosagwa wa chengachenga. Mashine ya posho iko kila mtaa, unamwambia kijana alegeze jiwe.

Kuhusu oveni: kila pishi limeandikwa nyuzi 220 na feni. Jiko langu la gesi lina namba 1 mpaka 8, halina feni, na nyumba nyingi hazina oveni kabisa, watu wanaokea kwa sufuria na mkaa juu ya kifuniko. Hakuna hata jedwali la kulinganisha.

Nilirudi dukani. Kijana wa kaunta alikuwa na adabu, nakiri, lakini akaniambia, "Madam, hivi ni vyakula vya wazungu, vinataka uzoefu." Hapo ndipo damu ilipochemka, na hiyo haikuhitaji nyuzi 100. Mimi nimepika tangu nikiwa na miaka tisa. Mama wa sokoni hajawahi kuonja gnocchi maishani mwake, na amezielewa kuliko kitabu. Kinachokosekana si uzoefu wetu.

Nikawaandikia wachapishaji. Wakajibu: asante kwa maoni yako, tutayazingatia. Nikawauliza swali moja tu: mapishi haya yalijaribiwa mji gani, na jiko gani? Wiki ya tano hii, kimya.

Ninachotaka hakina siri. Warudishe pesa kwa aliye na risiti, au watoe karatasi ya masahihisho iwekwe ndani ya kila nakala iliyobaki dukani. Na kama hakuna aliyejaribu, wayafute yale maneno ya dhahabu kwenye jalada, kwa maana kuna mtu mwingine leo amesimama pale na shilingi 3,200 zake anayasoma.

Jumatatu narudi dukani na kitabu, risiti, na daftari nililoandika vipimo vyangu. Kabla ya hapo, aliye na kitabu hiki aandike hapa chini ukurasa uliomharibia chakula, mji anaopikia, na aina ya waru au mchele aliotumia. Niwe na zaidi ya jina langu mkononi. Naanza mimi: Nakuru, ukurasa wa 34, 61, 88 na 112.