Naombeni ushauri: viazi vya hashibrauni vinanigeukia uji kikaangoni, Jumamosi imekaribia

Mtoto wa Kilosa (Jumanne, usiku)
Wakuu habari za majukumu. Nipo Columbus, Ohio. Naomba msaada wa haraka kwa wanaoyajua mapishi ya huku. Nazungumzia hashibrauni, vile viazi vinavyokwanguliwa na kukaangwa kwenye bamba la chuma hadi vishikane kama chapati nene, juu vikavu, ndani laini. Kwenye migahawa yao ya asubuhi, zile daina, wanakuwekea pembeni ya mayai.

Nimejaribu siku nne. Nakwangua kwa greta, natia chumvi, naweka kwenye kikaango chenye mafuta. Vinakuwa vya kijivu, chini vinanata, juu uji, nikigeuza vinameguka. Jana pembeni viliungua vikawa vyeusi huku katikati bado vibichi. Mfuko mzima wa kilo nne na nusu umeisha. Nakosea wapi? Nataka kufikia Jumamosi niwe nimepatia. Natanguliza shukrani.

Fundi Chipsi Buza
Mkuu mimi nina mwaka wa saba kwenye karai. Hayo mambo ya kukwangua ni kujitesa, piga chipsi mayai, kila mtu anakula. Nilipoanza nilikuwa na jiko moja la mkaa na kikaango cha kuazima kwa shemeji, akikihitaji nafunga biashara. Leo nina vijana wawili. Ila nikupe moja la kweli: kiazi chenye maji mengi ni adui. Msimu wa mvua vinakuja viazi hata mafuta yachemke vipi, vinatoka vimelegea.

Nyakio
Sasa wewe, umeandika yote na hujasema ni viazi aina gani. Huku Nakuru tukisema Shangi kila mtu anajua itaiva haraka. Ni gani hizo zako?

Mtoto wa Kilosa
Dada Nyakio, ni vile vyekundu vya ngozi laini. Vilikuwa bei nafuu. Naviweka kwenye friji visiote.

Bi Mkubwa wa Bamba
Hapo umejibu nusu ya swali lako, mwanangu. Nimesimama mbele ya bamba miaka tisa, daina ya Chicago, kwa hiyo nisikilize.

Vyekundu ni vya kuchemsha na saladi, havina wanga wa kutosha. Tafuta russet, virefu vya ngozi ya kahawia yenye mikwaruzo, vile ambavyo Idaho inasifika navyo. Pili, kiazi kibichi hakikai kwenye friji. Baridi inageuza wanga kuwa sukari, na sukari inaungua kabla kiazi hakijaiva. Ule weusi wako wa pembeni umetoka huko. Weka kabatini, penye giza na hewa.

Kijivu ni hewa. Kiazi kikikwanguliwa kinaanza kubadilika rangi, kwa hiyo kwangulia ndani ya bakuli la maji baridi. Suuza mpaka maji yaache kuwa meupe. Kisha mimina kwenye kitambaa safi ukamue, ukamue kwa nguvu zote kama unakamua tui la nazi. Kiazi karibu sehemu nne kwa tano ni maji. Usipoyatoa, kikaangoni unachemsha, hukaangi.

Halafu unachotafuta ni ukoko. Ukoko wa wali hauji kwa kukorogakoroga. Tandaza viazi unene wa kidole, moto wa wastani, mafuta yawe yamepata moto kabla, gandamiza kidogo, halafu ondoa mkono. Dakika sita, saba, usiguse. Pembeni ukiona uzi wa kahawia na viazi vinateleza vyenyewe ukitikisa kikaango, geuza mara moja. Chumvi mwishoni, maana ukiitia mapema inavuta maji.

Sasa na mimi nikuulize. Jumamosi kuna nini?

Mtoto wa Kilosa
Asante sana Bi Mkubwa, Mungu akuzidishie. Jumamosi nina wageni tu.

Dereva wa Masafa
Mimi naendesha lori, nimekula hizo kitu majimbo kumi na tisa. Ukipita Georgia ingia Waffle House, walianzia huko karibu na Atlanta mwaka 1955 na hawafungi usiku. Pale hashibrauni zina lugha yake. Ukitaka na vitunguu unasema "smothered", ukitaka jibini juu unasema "covered". Usiku mmoja theluji imenikwamisha, nikaingia saa tisa, mama wa pale akaniwekea sahani hata sijakaa vizuri. Nilikuwa sijaongea na mtu tangu asubuhi. Nilikula taratibu sana.

Ila kijana, mgeni gani wa Kibongo anakuja kwako kula hashibrauni?

Nyakio
Hata mimi nimejiuliza. Wageni unawapikia pilau. Sema ukweli usaidiwe.

Mtoto wa Kilosa (Jumatano)
Sawa. Si wageni. Jumamosi alfajiri nina majaribio ya kazi ya upishi kwenye daina moja hapa mjini. Mwenye daina ni mzee, aliniambia hapa hatutumii viazi vya boksi, mpishi wangu lazima ajue hashibrauni za kiazi halisi. Nilimwambia nina miaka miwili kwenye bamba.

Sina. Nina miezi kumi na minne ya kuosha vyombo mahali pengine.

Kabla hamjanishambulia: sijamwibia mtu. Kila siku nasimama hatua tatu kutoka kwa mpishi, naona kila kitu. Nikiandika "mwosha vyombo" hakuna anayenipigia, nimejaribu mara nyingi. Na mama anasubiri dawa ya presha kila mwezi. Kwa hiyo naomba tubaki kwenye viazi.

Mja wa Mola
Ndugu yangu, riziki inayoanza na uongo haina baraka. Leo viazi, kesho utaulizwa mayai ya macho, supu, chapati zao za maziwa. Utadanganya mara ngapi? Na hayo mafuta asubuhi asubuhi pia si afya.

Fundi Chipsi Buza
Mja wa Mola mwache kijana atafute. Mimi mwenyewe nilimwambia shemeji najua kukaanga, sikuwa najua. Mafuta yaliniunguza mpaka hapa kwenye kiwiko. Kovu lipo.

Kitasa
Wakuu, hii ni chai, tena ya tangawizi. Moja, daina karibu zote Marekani zinatumia viazi vilivyogandishwa au vilivyokaushwa, unamwagia maji ya moto kwenye boksi, vikijaa unatupa kwenye bamba. Eti mzee anataka vya kukwangua. Mbili, huyu huyu alikuwa na uzi hapa akilia maisha ya Muscat. Leo Ohio. Kesho atatuambia yuko Kanada, anatembeza bakuli la mchango wa dawa ya mama.

Nyakio
Eeh! Na nilikuwa nimemhurumia.

Mtoto wa Kilosa
Muscat nilikaa miaka miwili, nimefika huku mwaka juzi. Sijaomba hata senti humu na sitaomba. Mimi nimeuliza viazi.

Bi Mkubwa wa Bamba
Kitasa, kuhusu boksi uko sahihi kwa nyingi, ila za wazee zipo bado, nimefanya kazi kwenye moja. Ngoja nimuulize mwenyewe. Mtoto wa Kilosa, bamba linasafishwaje mkifunga? Usiende kutafuta mtandaoni, jibu sasa hivi.

Mtoto wa Kilosa
Kwanza unakwangua mabaki kwa kisu kipana wakati bamba bado lina moto. Unamwaga mafuta kidogo, unachukua lile jiwe jeusi lenye vitundu kama mkate, unasugua kufuata mistari ya chuma, si kukata mistari. Jiwe linaisha linakuwa na umbo la mkono wako. Uchafu unausukumia kwenye mfereji wa mbele, unaangukia kwenye droo. Droo ndiyo kazi. Inajaa mafuta meusi ya moto, unaitoa kwa mikono miwili, unatembea nayo polepole mpaka nyuma kwenye pipa, na sakafu imelowa. Mara ya kwanza ilinimwagikia kwenye kiatu. Mwisho unapaka mafuta safi kwa kitambaa, bamba linang'aa unaona taa za darini ndani yake.

Bi Mkubwa wa Bamba
Huyu ameibeba ile droo. Hakuna anayekaa sebuleni akalitunga lile jiwe kuchukua umbo la mkono.

Mwanangu, nisikie sasa. Viazi utavipatia. Chemsha russet na maganda yake leo usiku, kisu kiingie kwa kushindana kidogo, kama dakika kumi na tano. Hivyo vilivyochemshwa ndivyo vinalala kwenye friji, si vibichi. Kesho menya, kwangua, kaanga. Wanga umeshaiva na kupoa, vinashikana vyenyewe. Wazee wa daina wanafanya hivyo.

Ila bamba si kikaango. Kuna upande wa moto na upande wa baridi, na oda sita zinakusubiri kwa pamoja. Yule mzee atakujua ndani ya dakika tano kwa unavyosimama tu. Mwambie kabla. Mwambie hayo hayo uliyotuandikia ya droo.

Mtoto wa Kilosa
Akifuta majaribio je? Nitasema baada ya Jumamosi, akishaonja.

Dereva wa Masafa
Sema kabla, mdogo wangu.

Kitasa
Nimesoma ile ya droo mara mbili. Samahani mkuu.

Mtoto wa Kilosa (Ijumaa, saa nne usiku)
Wakuu, nimekaanga sahani sita jioni hii kwa njia ya Bi Mkubwa. Ya kwanza niliigusa mapema, ikavunjika. Tano zimegeuka nzima. Ukoko wake ukiugonga kwa uma unalia.

Saa moja iliyopita nimemtumia mzee ujumbe. Nimeandika kwamba sijawahi kusimama kwenye bamba wakati wa oda, nimeosha vyombo na kusafisha bamba miezi kumi na minne, na hashibrauni nimejifunza wiki hii. Nimeambatanisha picha ya ile sahani ya sita.

Amejibu sasa hivi: njoo saa kumi na moja alfajiri, viazi vya kumenya vipo.