MREJESHO: Kitufe cha "andika upya" kimekubali

Wakuu, niliuliza kwa nini kitufe cha akili mnemba cha kuandika upya kimefifia kwenye programu ya kuandikia, hata nikichagua aya nzima. Sababu zilikuwa mbili.

Kwanza, faili lilitoka kwenye kiambatisho cha barua pepe, likafunguka kwa kusoma tu. Ule ukanda wa njano juu ndio ulikuwa unasema hivyo. Nikaruhusu uhariri, kitufe bado kimefifia.

Kumbe akaunti mbili zimeingia kwa pamoja, na leseni ya kutumia kitufe hicho iko kwenye akaunti ya kazini. Nimetoka kwenye zote mbili, nikafunga programu kabisa (kuishusha chini hakutoshi), nikaingia na ya kazini peke yake. Kikawaka. Kusakinisha upya hakukuhitajika.

Angalizo kwa wanaoandika mikataba: "ndani ya siku 14 za kazi" ilirudi "ndani ya wiki mbili". Siku 14 za kazi ni karibu wiki tatu! Chagua sentensi moja moja, weka jibu chini ya ya zamani badala ya kuifuta, linganisha tarakimu, ndipo ufute. Ukikosea, Ctrl+Z inarudisha.