Acheni kuwajazia watu apu za "kusafisha simu" na ushauri wa kukopi na kupesti, nimechoka

Wakuu, salamu. Nitakuwa mkali, mnivumilie, akiba yangu ya upole imekwisha leo mchana.

Mimi si fundi wa kulipwa. Ni yule mtu ambaye kila familia inaye: simu ya yeyote ikiganda, ikijaa au ikichemka, anatafutwa yeye. Kusaidia hakunisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba simu nyingi ninazoletewa siku hizi zinaumwa dawa, ugonjwa wenyewe ulikuwa mafua tu. Mtu aliona simu nzito, akaingia mtandaoni, akakutana na mtaalamu wa video ya sekunde thelathini, akapakua "kisafishaji", "kipoza betri" na "kiongeza kasi", vyote vitatu. Sasa simu ina mizigo mitatu mipya juu ya ule wa zamani.

Hii niliyonayo mezani ni ya shemeji yangu. Ukiiwasha, kabla hujagusa kitu, tangazo la mchezo linajaza kioo kizima. Kialama cha kulifungia kimewekwa pembeni kabisa, kidogo kiasi kwamba kidole cha mtu mzima kinakikosa na kuangukia "Pakua". Ukifanikiwa kulifunga, unakuja ufagio wa katuni unafagia, asilimia zinapanda, kisha maandishi ya kijani: GB 1.4 za takataka zimeondolewa! Nikafungua Mipangilio, sehemu ya Hifadhi. Nafasi iliyobaki ni ile ile iliyokuwepo kabla ya ufagio. Hakuna kilichofagiliwa ila chaji na data za shemeji.

Na msiniambie ni apu moja mbovu kati ya nyingi nzuri. Februari 2020 Google yenyewe iliondoa karibu programu 600 kwenye duka lake kwa ajili ya matangazo ya kusumbua, yakiwemo ya aina hiyo hiyo, yanayoruka usoni kwako wakati hata hujaifungua apu husika. Miaka imepita na bado kuna watu humu wanaweka viungo vya visafishaji na kusindikiza na "asante baadaye". Asante ya nini?

Tuelewane kuhusu RAM, ile kumbukumbu ya muda ambamo programu unazotumia hukaa, maana uongo wote unaanzia hapo. RAM iliyo tupu haikusaidii chochote. Android na iOS (mfumo wa iPhone) zimeundwa ziache programu zako zikae kwenye RAM ili ukizirudia zifunguke papo hapo, na nafasi ikihitajika mfumo wenyewe unaziondoa zile ulizozisahau. "Kiongeza kasi" kinapozizima zote, zile zinazohitaji kufanya kazi zinaamka tena sekunde chache baadaye, na nyingine unazifungua mwenyewe kutoka mwanzo. Kuanza upya kunakula betri na nguvu za prosesa, yaani ubongo wa simu, kuliko kuendelea pale ulipoishia. Kisafishaji nacho kinabaki macho muda wote kikikesha kutafuta cha kuua. Hebu niambieni hapo nani anapumzika.

Hii tabia ya kutelezesha apu zote juu kila baada ya dakika tano ni ndugu yake. Mwaka 2016 Craig Federighi, mkuu wa programu pale Apple, aliulizwa kama kufunga apu kunaokoa betri, akajibu hapana. Hiroshi Lockheimer, aliyekuwa akiongoza Android, akasema upande wao ni hivyo hivyo, na kwamba kunaweza hata kuharibu mambo kidogo. Hao ndio wenye mifumo. Lakini wewe umemsikiliza jamaa wa video. Apu ikiganda kweli, ingia Mipangilio, Programu, ichague, bonyeza "Lazimisha kusimamisha". Moja. Iliyoganda. Basi.

Sasa wale wenye matangazo kama ya shemeji, kabla hamjakimbilia kufomati, yaani kufuta kila kitu kwenye simu. Tangazo likitokea, usilifunge. Bonyeza kitufe cha kuonyesha programu za hivi karibuni. Mara nyingi kadi ya lile tangazo itakuwa na ikoni au jina la apu iliyolileta, na hapo mwizi umemshika mkono. Wajanja huficha ikoni, unaona nafasi nyeupe tu. Hao unawatafuta kwa njia mbili. Ya kwanza, ingia kwenye ruhusa maalumu za programu, tafuta ile ruhusa ya kuonekana juu ya programu nyingine. Utashangaa tochi, kikokotoo au kisoma kodi za QR kinahitaji ruhusa hiyo kwa kazi gani. Inyang'anye. Ya pili ni hali salama: shikilia kitufe cha kuwasha, menyu ikitokea shikilia neno "Zima" mpaka simu ikuulize kama unataka hali salama (simu nyingine zina njia yake tofauti kidogo). Humo ndani apu ulizopakua hazifanyi kazi. Matangazo yakikoma, basi mhusika ni mojawapo ya ulizopakua, na kwa kawaida ni ya hivi karibuni. Ondoa moja, washa kawaida, tazama, endelea na inayofuata.

Kuna inayokataa kuondoka, kitufe cha kuondoa kimefifia. Hiyo ulishaipa usimamizi wa kifaa bila kusoma. Tafuta orodha ya programu zenye usimamizi wa kifaa, izime humo kwanza, kisha uiondoe. Na ukikuta apu ya kusafisha au ya mandhari ya kioo imepewa ruhusa za ufikivu, zile zilizowekwa kwa ajili ya watu wenye shida ya kuona au kusikia, hapo usicheke. Apu yenye ruhusa hiyo inaweza kusoma kilichopo kwenye kioo na kubonyeza kwa niaba yako. Iondoe, halafu badilisha nywila zako ukitumia kifaa kingine.

"Lakini simu yangu kweli ni nzito." Ndiyo, na mara nyingi sababu ni hifadhi iliyojaa. Hifadhi ya simu ikikaribia ukingoni, kila kuandika kitu kipya kunakuwa kazi, mfumo unahangaika kupanga na kupangua, na wewe unaona kibodi inachelewa kutokea. Mimi sipendi kuona chini ya asilimia 10 iliyo wazi. Na mnajua kilichojaa ni nini? Si mafaili ya ajabu ya mfumo. Ni WhatsApp. Ni zile video za asubuhi njema zenye maua yanayometameta, video ile ile kutoka makundi manne, kila nakala imekaa peke yake.

Kisafishaji cha kweli kimo humo humo ndani: fungua WhatsApp, mipangilio yake, Hifadhi na data, Dhibiti hifadhi. Itakuonyesha mafaili yanayozidi MB 5, yaliyosambazwa mara nyingi, na gumzo lipi limekula kiasi gani. Anza na makundi. Ukimaliza, rudi kwenye Hifadhi na data uzime upakuaji wa moja kwa moja wa video, la sivyo wiki ijayo uko pale pale. Halafu nenda kwenye tupio la picha zako. Picha uliyofuta haijaondoka, inakaa humo siku 30 au zaidi ikiendelea kula nafasi, na hapo ndipo watu wanaponiambia "nimefuta picha elfu moja na simu bado imejaa".

Tahadhari moja, maana hii imeshaliza watu. Kwenye ukurasa wa apu kuna "Futa akiba" na kuna "Futa hifadhi", kwingine "Futa data". Ya kwanza inatoa mafaili ya muda tu, hupotezi kitu, ingawa yatajirudia kadiri unavyotumia, kwa hiyo kufuta kila siku ni kazi ya bure. Ya pili inairudisha apu kama siku ya kwanza: umetolewa kwenye akaunti, na kama ni apu ya kuandikia kumbukumbu ambayo huna nakala yake mahali pengine, pole. Wale wanaoandika "futa data zote za apu zote simu ipae" bila onyo hilo wapigwe marufuku humu. Nimesema.

Betri. Eti simu mpya ichajiwe saa 8 kabla ya kuwashwa, na kila mara usubiri izime ndipo uchaji. Huo ulikuwa ushauri wa betri za nikeli na kadmiamu, zilizokuwa na tabia ya kukariri kiwango. Betri za lithiamu aioni ziliingia sokoni mwaka 1991 kupitia Sony, na hazikariri chochote. Kinachoziua ni joto, kukaa zimejaa pomoni kwa muda mrefu, na kukaa zimeisha kabisa. Kwa hiyo huyo anayesubiri sifuri kila siku anaimaliza betri yake kwa mkono wake. Chaji wakati wowote, vipande vipande, ukiweza ikae kati ya 20 na 80. Simu nyingi sasa zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80 au jirani yake, iPhone nazo kuanzia iPhone 15 ya mwaka 2023. Umefichwa kwenye menyu ya betri ambako hakuna anayefika. Kutumia simu ikiwa kwenye chaji si dhambi. Kucheza mchezo mzito ikiwa kwenye chaji, ndani ya kava nene, chini ya mto, ndiyo kuipika.

Betri ikivimba, kioo kikaanza kuinuka pembeni, hakuna ujanja wa mtandaoni hapo. Usiibonyeze irudi, usiitoboe, usiichaji tena. Peleka kwa fundi ibadilishwe.

Na kampuni zisijione zimepona. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa inazipunguza kasi iPhone zenye betri zilizochoka ili zisizime ghafla. Watu walikuwa wananunua simu mpya kwa tatizo ambalo betri mpya ingelimaliza. Mwaka 2020 Ufaransa ikaitoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaambia wateja. Faida moja iliyopatikana ni ukurasa wa afya ya betri, ulioletwa na iOS 11.3 mwaka 2018. Uutazame kabla hujatangaza kwamba simu imezeeka. Umoja wa Ulaya nao, tangu 20 Juni 2025, unataka betri za simu zinazoingia sokoni kwake zistahimili mizunguko 800 ya chaji zikiwa bado na asilimia 80 ya uwezo wake. Kumbe inawezekana wakilazimishwa.

Nyingine ni ile "RAM 8+8" kwenye boksi la simu, eti GB 8 na nyingine 8. Hizo 8 za pili ni kipande cha hifadhi yako kinachoazimwa, na hifadhi ni ya polepole mno ukilinganisha na RAM. Kwenye simu ambayo hifadhi yake imejaa, mimi huuzima huo mpango kwanza.

Haraka haraka mengine. Simu inachaji kwa kusuasua na waya ni mzima? Tazama kwenye tundu la chaji kwa tochi. Nyuzi za mfukoni zimejishindilia humo. Zima simu, tumia kijiti cha meno cha mbao, taratibu. Si pini, si sindano, na usipulize kwa mdomo, unaingiza unyevu. Imeingia maji? Acheni mchele! Mwaka 2024 Apple ilionya waziwazi kwamba vipande vidogo vya mchele vinaweza kuidhuru simu. Igonge polepole mkononi tundu likiangalia chini, iache mahali pakavu penye hewa, usichomeke chaji. Kikaushia nywele kaa nacho mbali. Hali ya giza inaokoa betri kwenye vioo vya OLED, ambavyo kila nukta inawaka yenyewe, kwa kuwa nukta nyeusi huko zimezimwa kabisa. Kwenye LCD taa ya nyuma inawaka vile vile, kwa hiyo punguza mwanga wa kioo tu. Na ukiwa mahali ambapo mtandao unakuja na kupotea, weka hali ya ndegeni, simu inayohangaika kutafuta mnara inakauka betri ikiwa mfukoni.

Kama una tatizo, liweke hapa hapa, usije faragha. Taja aina ya simu na toleo la mfumo, hifadhi iliyobaki, tatizo lilianza baada ya nini, na weka picha ya ukurasa wa betri unaoonyesha apu zipi zinakula zaidi. "Wakuu simu yangu nzito msaada" bila maelezo sijibu. Na atakayeshusha kiungo cha kisafishaji chini ya uzi huu namripoti kwa wasimamizi kabla hajamaliza kuandika "asante baadaye".